Mtoto Kufundishwa kwa Kifaransa: Wazee Watarajie Nini

Katika miezi ya karibuni tumepokea barua kadhaa kutoka kwa wasomaji wetu wa Unguja na Pemba ambao watoto na wajukuu wao wanaishi Kanada. Nyingi zinahusu mambo ya kawaida ya ugenini, lakini moja imetufanya tusite na kutafakari. Bibi mmoja ameandika kwamba mjukuu wake wa miaka mitano, ambaye husema Kiswahili na wazee wake na Kiingereza na watoto wa jirani, ameandikishwa katika skuli ambayo mwalimu hasemi naye ila Kifaransa, tangu asubuhi anapoingia darasani hadi alasiri anapopanda basi kurudi nyumbani. Baba hajui Kifaransa, mama hajui Kifaransa, na bibi mwenyewe hajapata kukisikia ila redioni. Anauliza: je, huku si kumdhulumu mtoto?

Swali hilo ni la haki, na tungeweza kulijibu kwa mistari michache katika ukurasa wa barua. Tumelileta hapa kwa sababu haliihusu Kanada peke yake. Mara kwa mara maofisa wa elimu, na wazee wenye uwezo wa kulipa ada, huitaja nchi hiyo kuwa ushahidi kwamba mtoto akitiwa mapema katika lugha ya kigeni ataisema kama maji. Ushahidi upo. Taabu ni kwamba husomwa nusu, na nusu inayoachwa ndiyo ingetufaa zaidi.

Skuli za namna hii zilizaliwa Saint-Lambert, mji mdogo ulio ng'ambo ya mto mkabala na Montreal, katika jimbo la Quebec. Wazee waliokuwa wakisema Kiingereza waliona kwamba watoto wao husomeshwa Kifaransa kama somo miaka nenda miaka rudi, na bado wakimaliza skuli hawawezi kuzungumza na jirani yao ukutani. Wakaanza kukutana majumbani, wakaiandama halmashauri ya skuli, wakakataliwa, wakarudi tena. Waliungwa mkono na Wilder Penfield, daktari mashuhuri wa ubongo, na Wallace Lambert, mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha McGill. Hatimaye, Septemba 1965, likafunguliwa darasa la maandalizi la watoto 26. Lambert na mwenzake Richard Tucker wakawafuatilia watoto hao mwaka hata mwaka, wakiwapima pamoja na wenzao waliobaki katika madarasa ya kawaida, na mwaka 1972 wakatoa kitabu cha matokeo yao. Kufikia hapo Kanada ilikwisha kupitisha Sheria ya Lugha Rasmi ya mwaka 1969, na Serikali Kuu ikawa tayari kuyasaidia majimbo kwa fedha. Leo wanafunzi zaidi ya 400,000 wa nchi ile wanasoma kwa utaratibu huu.

Tunaomba jambo moja katika habari hiyo likumbukwe, maana tutalirudia: waliolianzisha ni wazee wenyewe, kwa hiari yao, na waliolipima walilipima kwa watoto wale wale kwa miaka.

Jina ambalo wenyewe wameupa utaratibu huu lina maana ya kumzamisha mtoto katika lugha. Kwetu sisi watu wa pwani jina hilo latisha kidogo, kwa kuwa tunajua tofauti ya aliyezama na aliyepiga mbizi. Mpiga mbizi amevuta pumzi kabla hajashuka, anajua chombo chake kilipo, na akitaka kuibuka ataibuka. Mtoto wa Saint-Lambert alikuwa mpiga mbizi. Chombo chake kilikuwa Kiingereza, lugha ya mama yake, ya mtaa wake, ya televisheni na ya maduka, na hapakuwa na hatari hata chembe kwamba angerudi juu akakuta kimeondoka.

Sasa turudi kwa bibi na mjukuu wake. Mwaka wa skuli wa Kanada huanza Septemba na kumalizika Juni, na si miezi yote iliyo sawa kwa ugumu.

Wiki za mwanzo mwalimu husema kwa mikono na uso kama asemavyo kwa kinywa. Huonyesha picha, huimba, na hurudia utaratibu ule ule kila siku: kuvua koti, kutundika mkoba, kuketi duara, kutaja siku na hali ya hewa. Watoto humjibu kwa Kiingereza, na yeye, ambaye Kiingereza anakielewa vyema, huwajibu kwa Kifaransa. Huo si utovu wa nidhamu wala udhaifu wa mwalimu, ndivyo kazi inavyotakiwa kwenda. Darasani hakuna mwenyeji na mgeni, kwa kuwa takriban wote wanaanza sifuri pamoja, na hapana anayechekwa kwa kutojua. Lakini kusikiliza lugha usiyoijua kutwa nzima ni kazi ngumu kuliko kubeba mzigo. Mtoto atarudi nyumbani amechoka, ana hasira ndogo ndogo, atataka kulala kabla ya wakati wake. Akiulizwa leo amejifunza nini, atasema: hakuna. Wazee wasishtuke. Tena wasimsimamishe mbele ya wageni ili aonyeshe Kifaransa chake. Desturi hiyo tunaijua sana hapa kwetu, mtoto aliyetoka chuoni juzi huwekwa katikati ya ukumbi asome sura aliyohifadhi, na wengi wetu tungali tunakumbuka jasho la siku ile.

Kufikia Desemba atakuwa na nyimbo, hesabu, rangi, maamkizi, na sentensi ya kuomba ruhusa ya kwenda msalani, ambayo huwa ya kwanza kujulikana na darasa zima. Sentensi hizo huzisema nzima nzima kama mtu anayetoa sarafu mfukoni bila kuzihesabu. Neno gani linaishia wapi, hajui. Nyumbani atachanganya, atie jina la Kifaransa ndani ya sentensi ya Kiingereza au ya Kiswahili. Wapo wanaosema akili ya mtoto imevurugika. Haikuvurugika. Anatumia alichonacho, kama afanyavyo mpishi ambaye nazi imemwishia.

Mtihani wenyewe, na huu ni wa wazee zaidi kuliko mtoto, huja baada ya mwaka mpya, khasa mtoto anapofika darasa la kwanza. Huko kusoma huanza kwa Kifaransa. Katikati ya majira ya baridi mama atamwona mtoto wa jirani, aliye katika darasa la kawaida la Kiingereza, akisoma kijitabu peke yake, na wake hawezi kusoma hata ubao wa duka. Hapo ndipo nyumba nyingi huingia wasiwasi, na baadhi humtoa mtoto. Tunataka bibi wa barua yetu awaeleze wanawe kwamba jambo hili limechunguzwa tangu siku za Saint-Lambert, na majibu yamekuwa yale yale kila yalipotafutwa: kuchelewa huko ni kwa muda. Somo la Kiingereza huingizwa darasa la pili, la tatu au la nne, kulingana na jimbo, na mara likiingia, baada ya mwaka mmoja hivi watoto huwa wamewafikia wenzao. Sababu yake si muujiza. Kusoma mtu hujifunza mara moja. Aliyekwisha kufahamu kwamba alama iliyo karatasini hubeba sauti, na sauti hubeba maana, huuchukua ujuzi huo na kuuhamishia lugha nyingine.

Sisi wa Visiwani ndio tungestahiki kulielewa hili mbele ya wengine. Vizazi kwa vizazi watoto wetu wamefundishwa kusoma kwa Kiarabu chuoni na kwa Kiswahili skuli, siku ile ile, na hatujapata kumsikia mtu akidai kuwa Kiswahili chao kimeharibika. Ila tuseme na upande wa pili, kwani haki ni kusema yote: kila aliyekaa chuoni anajua pia kwamba kutamka herufi na kufahamu lugha ni mambo mawili, na kwamba mtu aweza kulifanya la kwanza kwa ufasaha mkubwa miaka kumi bila ya kuligusa la pili.

Juni ikifika, mtoto aliyemaliza mwaka wake wa kwanza huelewa sehemu kubwa ya yale mwalimu anayoyasema ndani ya mambo ya darasani. Kusema kwake kutakuwa kwa vipande na kwa makosa. Kisha huja likizo ya Julai na Agosti, na Kifaransa hupata kutu. Septemba kutu hutoka.

Wazee wasiojua Kifaransa hudhani hawana la kufanya. Wanalo, na ni kubwa. Wamsomee mtoto hadithi kila usiku kwa lugha wanayoijua vizuri, wazungumze naye sana, wamwache aeleze kitu kirefu tangu mwanzo hadi mwisho bila ya kumkatiza. Lugha ya nyumbani iliyoshiba haishindani na Kifaransa, huibeba. Merrill Swain na wenzake walipochunguza wanafunzi wa Toronto waliotoka katika nyumba zenye lugha ya tatu, waliona kwamba wale waliojua kusoma na kuandika lugha ya kwao walifanya vizuri zaidi katika Kifaransa kuliko wale waliokuwa wakiisikia tu. Kwa hiyo hatari ya mjukuu wa bibi yetu haiko pale anapodhani. Kifaransa atakipata skuli, Kiingereza atakipata barazani hata kama hakuna anayemfundisha. Kitakachopotea, kisipolindwa, ni Kiswahili. Chombo cha mtoto wa Saint-Lambert kilikuwa jahazi kubwa, cha huyu ni mtumbwi, na pande zote mbili zinapita meli.

Kuna jambo la kuuliza kabla ya kuandikisha. Mtoto mwenye taabu ya kusoma zamani alikuwa akishauriwa mara moja aondolewe. Uchunguzi wa Fred Genesee wa McGill umeonyesha kwamba watoto wa aina hiyo hawaanguki zaidi huko kuliko ambavyo wangeanguka katika darasa la Kiingereza. Lakini utafiti ni kitu kimoja, na kupatikana kwa mwalimu wa msaada anayejua Kifaransa ni kitu kingine. Katika skuli nyingi mwalimu huyo hapatikani, na mzazi huambiwa baada ya mtoto kukwama. Aulize mapema. Aulize pia kama skuli anayotajiwa ni ya utaratibu huu au ni ya wenye Kifaransa chao, kwani zipo za namna mbili. Za pili zinalindwa na Katiba ya mwaka 1982 kwa ajili ya jamii zilizozaliwa na lugha hiyo, hata katika kisiwa kidogo cha Prince Edward, na mtoto asiyejua neno akiingia huko hakuti wenzake wa kuanza nao.

Hadi hapa tumesema mema. Sasa yale ambayo wapenzi wa mfano huu hawayasemi.

Watoto waliosoma hivi kwa miaka sita au zaidi husikia na kusoma Kifaransa karibu kama wenyeji. Kukisema ni habari nyingine. Makosa ya jinsia ya majina na nyakati za vitenzi hubaki nao hadi ukubwani, na mwenyeji huwatambua kwa sentensi ya kwanza. Mwaka 1985 Swain alieleza sababu: wanasikia mengi, lakini hawalazimiki kusema kwa urefu na kwa usahihi. Kengele ikilia, uwanjani wote hurudia Kiingereza. Wala nchi nzima haikugeuka. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba wanaoweza kuzungumza lugha zote mbili walikuwa asilimia 18.0 ya wananchi wote wa Kanada, na nje ya Quebec asilimia 9.5 tu. Hayo ni matunda ya zaidi ya nusu karne, kwa nchi tajiri.

Tena walimu hawatoshi. Kuna mahali ambapo nafasi hugawiwa kwa bahati nasibu au kwa foleni, na malalamiko ya siku zote ni kwamba wanaofika mbele ya foleni ni wale ambao wazee wao wana muda, habari na gari. Darasa la kawaida likabaki na watoto wenye shida nyingi na mwalimu mmoja. Hoja hiyo ndiyo iliyotumiwa na serikali ya New Brunswick, jimbo pekee la Kanada ambalo lenyewe ni la lugha mbili rasmi, ilipoondoa mwanzo wa darasa la kwanza mwaka 2008 na kuupeleka darasa la tatu. Wazee wakaja juu. Mwaka 2017 mwanzo ukarudishwa darasa la kwanza. Ukaletwa mpango mwingine wa kuufuta utaratibu wote, na Februari 2023 serikali ikauacha baada ya kusikia sauti za wananchi katika mikutano. Kwa hesabu hiyo, mtoto aliyeanza skuli mwaka mmoja na mdogo wake aliyemfuata waliweza kusoma chini ya sera mbili ndani ya nyumba moja. Maofisa wetu wanaosoma ukurasa huu watatusamehe tukisema kwamba jambo hilo halitushangazi.

Na hapa ndipo tunaporudi kwetu. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Nia ilikuwa njema: kumtayarisha mtoto kwa sekondari, ambako Kiingereza humngoja mlangoni. Lakini tuyaweke mambo mawili ubavu kwa ubavu. Kule Saint-Lambert mzazi alichagua, huku aliarifiwa. Kule mwalimu alizaliwa na lugha ile au aliimiliki kama aliyezaliwa nayo. Huku mara nyingi mwalimu naye alijifunza kwa shida ile ile anayotakiwa kumwondolea mwanafunzi. Kule watoto walianza na nyimbo na koti la kutundika, mambo ambayo mkono waweza kuyaonyesha. Huku wameingizwa katika lugha mpya kwa mlango wa sehemu za desimali na usanisinuru, mambo ambayo mkono hauwezi kuyaonyesha. Matokeo yake kila mzazi aliyewahi kufungua daftari la mwanawe anayajua. Mwalimu hueleza kwa Kiingereza, huona macho yamekuwa meupe, hugeukia Kiswahili, macho yakafunguka, kisha huandika ubaoni kwa Kiingereza maneno ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Hatumlaumu mwalimu huyo hata kidogo. Yeye ndiye anayewavuta watoto juu.

Isidhaniwe kwamba tunapinga lugha za kigeni. Watu wa visiwa hawawezi kuzipinga, bandari ndiyo iliyotulea. Kifaransa chenyewe kina faida kwetu: wapo watalii, zipo hoteli zinazotaka vijana wa kukisema, na wapo ndugu zetu wa Ngazija, Anjouan na Mwali, ambao watoto wao wamekuwa wakikikuta skuli baada ya kulelewa kwa Kikomoro nyumbani na Kiarabu chuoni. Hao nao wasifananishwe na wa Kanada, kwa sababu hakuna aliyewauliza wazee wao kama wanataka kupiga mbizi.

Tunaiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za kigeni kulianza. Kwanza, ihesabu. Ieleze hadharani, wilaya kwa wilaya, ni walimu wangapi wa darasa la tano na la sita wanaoweza kufundisha hisabati kwa Kiingereza pasipo kulazimika kutafsiri. Pili, ikiwa inataka kujaribu kumfundisha mtoto kwa lugha ya kigeni tangu mwanzo, ijaribu kwa darasa moja au mawili ya Unguja na Pemba, kwa wazee watakaokubali, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wawafuatilie watoto hao hao na wenzao wa kando kwa miaka sita. Matokeo yatangazwe yawavyo, hata yakiaibisha. Tatu, mabango ya skuli za maandalizi za binafsi yanayotangaza Kiingereza au Kifaransa yaandamane na maelezo ya nani anayefundisha na amejifunza wapi. Mzazi anayelipa ada kila mwezi ana haki ya kujua kama mwanawe anafundishwa lugha au anafundishwa kuitikia.

Kwa bibi wa barua, jibu letu ni kwamba mjukuu hajadhulumiwa. Aandikiwe baba yake amwache amalize mwaka huu na ujao kabla ya kuamua lolote. Na yeye bibi, pindi wanapompigia simu, asiishie kumuuliza hali na kumwombea dua. Ampe hadithi moja ya Abunuwasi, wiki inayofuata amtake yeye amsimulie bibi yake hadithi hiyo hiyo kwa Kiswahili, na akichomeka neno la Kifaransa amuulize maana yake.